Karibu Tena, Nashoni

Ujumbe ulitaka Nashoni alete uso wake.

Ghati aliusoma akiwa jikoni, maji ya ugali yakianza kuchemka. Akarudia kuusoma polepole, maana ulikuwa wa Kiingereza na alitamani awe hajauelewa. Aliuelewa vizuri sana. Chuo kilikuwa kimeleta utaratibu mpya: kabla ya mtihani wa mwisho, kila mwanafunzi anayesoma kwa mtandao atasajili sura yake kwenye mfumo, na siku ya mtihani kamera ya kompyuta itamtazama tangu swali la kwanza hadi la mwisho. Walitaka kukomesha watu kufanyiana mitihani. Ujumbe ulimalizia kwa upole kabisa: Tunakutakia heri, Nashoni.

Nashoni alikuwa hapo nje, upande wa migomba, ndani ya kaburi la saruji ambalo kuku walipenda kulala juu yake jua likishachwea. Alikufa akiwa mwaka wa kwanza wa ualimu. Likizo ilipofika alikwenda kujaribu bahati kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo kule Kemambo, kifusi kikamfunika. Chuo hakikuambiwa. Wa kukiambia alikuwa mama yake, na mama yake alikuwa na mpango mwingine.

"Wanasemaje chuoni?" mama huyo, Wegesa, aliuliza kutoka sebuleni. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, na swali hilo aliliuliza kila jioni kama wengine wanavyouliza habari za soko.

"Wanamtaka Nashoni, mama."

"Si yupo?"

"Wanataka kuiona sura yake. Kwenye kamera."

Wegesa aliendelea kutupa mawe madogo pembeni. "Waonyeshe basi," alisema. "Kwani sura yake imepotea? Ile pale ukutani."

Watu wa Nkende hawakuona ajabu yoyote katika nyumba ya Wegesa. Kwa Wakurya, nyumba iliyopoteza mwana wake wa pekee haiachwi ifungwe. Mjane anatoa ng'ombe, anaoa binti, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba hiyo na wa jina hilo. Nyumba ntobhu, ndivyo inavyoitwa, na ni ndoa kamili kama nyingine. Wegesa alimwoa Ghati kwa jina la Nashoni, ng'ombe wakaswagwa mpaka Kisaka kwa baba yake Ghati, na sasa kulikuwa na Elieth, mtoto wa miaka miwili, ambaye kadi yake ya kliniki ilisema baba ni Nashoni. Yule mwanaume aliyepita kusaidia shughuli hiyo, jina lake halina kazi hapa.

Ila Wegesa alikwenda mbele kuliko wazee wote wa ukoo. "Mwanangu ameoa akiwa kaburini," aliwaambia, "na amezaa akiwa kaburini. Atashindwaje kusoma?" Wazee wakatazamana. Ukilisikiliza vizuri, ni swali gumu.

Na Ghati? Ghati alifaulu kidato cha sita vizuri tu, akiwa na ndoto ya chuo ambayo baba yake aliibadilisha na ng'ombe. Alilia njia nzima kutoka Kisaka. Wegesa alipomwambia, "Hapa kwangu utasoma," alishangaa, akafuta machozi. Siku ya kwanza alikabidhiwa kompyuta ya marehemu na neno la siri. Neno lenyewe lilikuwa jina la mama yake Nashoni. Alipoliandika, mfumo ukafunguka na maneno yakatokea kwa herufi kubwa: Karibu tena, Nashoni.

Tangu siku hiyo kazi zote alizoandika, maksi zote alizopata, sifa zote alizomwagiwa kwenye jukwaa la wanafunzi, vilikwenda kwa marehemu. "Nashoni, siku hizi umekuwa moto," waliandika wenzake. "Msalimie mama." Ghati alizifikisha salamu. Wegesa alizipokea na kuzirudisha.

*

Walijaribu kwa picha kwanza. Ghati aliitoa picha ukutani, ile ya Nashoni katika shati la bluu, iliyokuzwa baada ya msiba na kuwekwa kwenye fremu ya dhahabu bandia. Wegesa akaishika mbele ya kompyuta kwa mikono miwili. Mviringo ukatokea kwenye kioo, ukamzunguka Nashoni usoni, ukatulia.

"Inasemaje?"

"Inasema apepese macho."

Wegesa aliitazama picha. Kisha akaitikisa kidogo.

"Si hivyo, mama. Macho. Afumbe, afumbue. Halafu ageuze kichwa kushoto."

"Mwambie hawezi. Mwambie ni mgonjwa."

"Hii ni mashine. Haiambiwi."

Walitikisa, wakainamisha, wakasogeza karibu na dirisha. Mashine ilikataa kwa adabu ileile, mara hii na mara ile. Mtihani ulikuwa mmoja tu umebaki, na huo ndio ulikuwa mlango wa kutokea. Bila sura hakuna mtihani, bila mtihani miaka yote ya kuamka alfajiri, mtoto mgongoni na kitabu mkononi, ingekuwa imekwenda na maji. Angebaki yeye na mwiko.

Wegesa alichoka. Aliilaza picha mezani akainama aione hiyo mashine inayokataa watu, uso wake ukakaribia kabisa kioo. Alikuwa na kichwa kilichonyolewa kama ada ya wanawake wa umri wake, paji pana la uso, na mwanya. Alipepesa macho kwa sababu mwanga wa kioo ulimuumiza. Aligeuza kichwa kushoto kumwuliza Ghati kitu.

Kompyuta ikalia kengele ndogo ya furaha.

Ghati alisoma kilichoandikwa, akakisoma tena.

"Inasemaje?" Wegesa aliuliza.

"Inasema, karibu tena, Nashoni."

Wegesa alikaa chini taratibu. Aligusa paji lake, akagusa pua, akagusa kidevu. "Kumbe," alisema. "Kumbe yumo."

*

Kuanzia hapo mambo yakaanza kugeuka, kidogo kidogo, kwa namna ambayo ungemweleza mtu angekucheka.

Kwanza ilikuwa shati. Wegesa alilitoa sandukuni lile shati la bluu akalivaa, akasema mfumo usije ukabadili mawazo siku ya mtihani. Ghati aliona ni busara. Lakini kesho yake alilivaa tena kwenda kulisha ng'ombe, na keshokutwa. Kisha akahamia kwenye kiti cha Nashoni, kile cha mbao cheusi ambacho hakuna mtu aliyekikalia tangu msiba. Kisha akaanza kuipigia meza vidole akisubiri chakula. Ghati hakuwahi kumwona Nashoni akiwa hai, ila alimsikia, kwa sababu kwenye masomo ya mwaka wa kwanza kulikuwa na rekodi ya wasilisho lake, na ndani ya rekodi hiyo, kila alipotafuta neno, vidole vyake viligonga meza. Wegesa alikuwa akiisikiliza rekodi hiyo mara kwa mara. Huenda ni hilo tu. Ghati alijiambia ni hilo tu.

Elieth ndiye aliyemtisha zaidi. Mtoto alitoka nje akamkuta bibi yake amesimama kando ya kaburi, shati limemkaa, mikono nyuma. Alimtazama, akatazama dirishani ambako picha ilionekana ukutani, akamtazama tena.

"Baba," alisema.

"Ee, mwanangu," Wegesa akaitika.

Bakuli lilimponyoka Ghati. Wegesa aligeuka akamtazama bila mshangao wowote.

"Mama, huyo ni mjukuu wako," Ghati alisema. Sauti ilimtoka nyembamba.

"Najua."

"Sasa mbona unaitika?"

"Nani mwingine ataitika?" Wegesa alisema, akaingia ndani.

Jioni hiyo Ghati alikuwa amefungua masomo ya marudio. Wegesa alivuta kile kiti cheusi, akakaa karibu, akagonga meza kwa vidole. Kwa kawaida angeuliza wanasemaje chuoni. Safari hii aliuliza kitu kingine.

"Leo nimesoma nini?"

Ghati alitaka kucheka. Alimtazama usoni ili wacheke pamoja, akakuta Wegesa anasubiri jibu kwa makini. Akamweleza somo la siku hiyo, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na Wegesa akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayekumbushwa kitu alichokuwa anakijua.

*

Namba ya mtihani ilitakiwa kuchapishwa. Ghati alikwenda kwenye steshenari ya Stanslaus, palepale Nkende, ambako pia alihitaji kuazima kibodi ya waya. Stanslaus alikuwa mtu mwema kwa mkono na mbaya kwa mdomo. Alijua siri ya ile nyumba tangu mwanzo, kwa sababu ndiye aliyemwuzia bando na kumrekebishia kompyuta, na utani wake ulikuwa mmoja tu usiochuja.

"Nashoni! Karibu, mura!" alipaza sauti, kwa lile neno la Kikurya la kumwita kijana wa kiume, duka likiwa limejaa wanafunzi wa sekondari na mwanamke mmoja aliyekuja kupiga picha za pasipoti.

"Shikamoo," Ghati alisema, kwa mwanamke yule.

"Marahaba. Wewe ndiye Nashoni?"

"Ndiye mwenyewe," Stanslaus alidakia, akiinua karatasi iliyokuwa inatoka kwenye mashine ili kila mtu aone jina. "Mwanaume mzima. Usidanganywe na kanga. Mwakani tunamvika joho."

Wanafunzi walicheka. Mwanamke naye alicheka, bila ubaya, kama watu wanavyocheka wakiona wenzao wanacheka. Ghati alipokea karatasi. Juu yake kulikuwa na jina la marehemu na picha yake katika shati la bluu, na mahali pote pale, hata pembeni kwenye herufi ndogo, hapakuwa na kitu chochote cha Ghati mwenyewe. Aliona aibu, halafu akaona hasira, na hasira hiyo hakujua aipeleke wapi.

"Kibodi utanirudishia lini, Nashoni?"

"Nikimaliza mtihani."

"Unayo kompyuta yenye kibodi yake. Hii ya waya ya nini?"

Ghati aliitwaa kibodi. Aliizungushia waya, akaitia chini ya kanga, akaondoka.

*

Mtihani ulikuwa mchana. Elieth alipelekwa kwa jirani, mlango ukafungwa, kuku wakafukuzwa. Walikuwa wamefanya mazoezi. Wegesa alikaa mbele ya kompyuta kwenye kiti cheusi, katika shati la bluu, uso umenyooka. Ghati alikaa kwenye kigoda pembeni, chini kidogo, mahali kamera isipofika, ile kibodi ya waya ikiwa mapajani. Kutoka pale aliona kioo kwa ubavu. Sharti lilikuwa kimya. Mashine ilikuwa na masikio, na sauti yoyote ingeandikwa kama kosa.

Wegesa alipepesa macho, akageuza kichwa. Karibu tena, Nashoni. Maswali yakafunguka.

Ghati alianza kuandika, na kwa muda alisahau kila kitu. Alikuwa anajua. Swali la kwanza lilikwenda, la pili likafuata. Swali la tatu liliuliza mwalimu afanye nini na mwanafunzi anayefanya kazi zote vizuri ila hataki kuonekana darasani, na Ghati akatabasamu peke yake chini pale, akaandika mpaka vidole vikamuuma. Shingo ilikuwa imepinda, mguu umekufa ganzi. Hakujali. Alihisi furaha, na lazima isemwe, maana ilikuwa yake kabisa hata kama jina halikuwa lake.

Wegesa hakuwa na cha kufanya ila kutazama. Maandishi hayakumwambia kitu. Lakini kwenye kona ya kioo kulikuwa na kidirisha kidogo chenye sura, na hiyo aliweza kuisoma. Nyumba hiyo haikuwa na kioo cha kujitazamia. Kilivunjika wakati wa msiba na hakikununuliwa kingine. Kichwa kilichonyolewa, shati la bluu, mwanya. Aliitazama ile sura na ile sura ikamtazama. Alisogea, ikasogea. Muda ukapita hivyo, ng'ombe wakalia nje, wakanyamaza.

"Mura," Wegesa alisema.

Mstari mwekundu ukapita juu ya kioo. Ghati aliinua kichwa kwa hofu, akaweka kidole mdomoni.

Wegesa hakumwona. Alikuwa ameinama kuelekea ile kona, na uso wake ulikuwa na huruma nyingi.

"Mura, umezeeka."

Mashine ikaandika onyo: Nashoni, tafadhali kaa kimya.

"Umezeeka namna hii lini?" Wegesa alinyoosha mkono akagusa kioo, palepale kwenye shavu. Aliuona mkono wake ukija kutoka upande wa pili, mkono wa mwanamke aliyelima maisha yake yote, wenye mishipa na makovu ya panga. Aliutazama mkono huo. Alitazama uso tena, makunyanzi pembeni ya macho, ngozi iliyolegea chini ya kidevu. Nashoni alikufa hata ndevu hazijamjaa.

"Huyu ni mimi," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa.

Onyo la pili likatokea. Ghati alitikisa kichwa kwa nguvu, akaunganisha viganja kumwomba. Maswali mawili tu yalikuwa yamebaki.

"Huyu ni mimi, na mimi sijui kusoma," Wegesa aliiambia kompyuta. "Mnanidanganya na mimi nawadanganya. Anayesoma ni huyu hapa."

Na kabla Ghati hajainuka, aliishika kompyuta pande zote mbili akaigeuza.

Ghati alijikuta uso kwa uso na kamera. Hakuwahi kutazamwa nayo hata mara moja. Fremu nyekundu ikamzunguka kichwa, ikatulia, na maneno yakatokea juu yake. Alikuwa bado anayasoma fremu nyingine ilipotokea, ya kijani, juu zaidi, nyuma ya bega lake. Ilihangaika kidogo, kubwa, ndogo, ikatafuta, ikapata. Ghati aligeuka. Nyuma yake ukutani Nashoni alikuwa amening'inia katika fremu yake ya dhahabu bandia, akitabasamu, shati la bluu, mwanya. Kompyuta ikalia kengele yake ndogo ya furaha. Onyo likajifuta. Maswali yakarudi.

Ghati aliigeukia kompyuta tena.

"Inasemaje?" Wegesa aliuliza.

Angeweza kusema lolote. Katika nyumba ile yeye peke yake ndiye aliyeijua lugha ya mashine. Angeweza kusema imekubali, tumalize, na katika muda mfupi angekuwa ameandika majibu mawili, Nashoni angehitimu, na yeye angekuwa amefika mwisho wa safari, jina liwe la nani liwalo. Vidole vyake vilikuwa tayari juu ya kibodi. Alivitazama, akavitoa.

"Inasema Nashoni yupo. Inasema aendelee na mtihani."

"Na wewe inakuitaje?"

"Mtu asiyejulikana."

Wegesa alisimama. Alikwenda ukutani akapita mbele ya kamera bila kujificha, akaishusha picha, akaikumbatia, uso wa mwanawe kifuani kwake. Fremu ya kijani ilibaki hewani kwenye ukuta mtupu. Ilitafuta kushoto, ikatafuta kulia, ikarudi pale pale kwenye msumari. Kisha ikazimika. Kioo chote kikawa cheupe na mstari mmoja wa maandishi katikati.

"Sasa inasemaje?"

"Mama..."

"Nisomee."

"Inasema Nashoni ameondoka. Mtihani umefungwa."

"Rudia."

"Nashoni ameondoka," Ghati alisema, na machozi yalikuwa yakimtiririka, kwa ajili ya mtihani au kwa ajili ya yule mtu asiyemjua, hakuweza kuyatenga.

Siku ya mazishi Wegesa hakulia. Watu walilisema sana jambo hilo. Alisimama kando ya kaburi akatangaza kwamba nyumba yake haitafungwa, akaenda kuhesabu ng'ombe. Sasa alikaa sakafuni, akavua lile shati la bluu akabaki na gauni lake, akalitandika juu ya magoti, akaweka picha juu yake. Halafu akafungua mdomo. Kilio kilichotoka kilikuwa kilio cha msiba, kile chenyewe, kinachopasua mchana na kusikika mpaka barabarani.

Nkende yote ilikuja. Kilio cha namna ile hakiulizwi, kinakimbiliwa. Walikuja na majembe mikononi, walikuja na unga kwenye vidole, jirani alikuja na Elieth kiunoni. Ghati aliwakuta mlangoni, kibodi ya watu bado anayo mkononi.

"Nani amekufa?" walimwuliza.

"Nashoni," alisema.

Hakuna aliyecheka. Wanaume wakaweka majembe chini. Wanawake wakapita ndani mmoja mmoja, na kilio cha Wegesa kikapata wenzake.

Stanslaus alifika mwisho akihema, duka ameliacha wazi. Aliuona mlango, akaona watu, akaona waya wa kibodi yake unaburuta mavumbini. Akavua kofia.

"Pole sana, Ghati," alisema.